Saa mbili ya mama na saa mbili ya mashine

NI saa kumi na moja alfajiri hapa Leicester, katikati ya Uingereza. Nje bado giza, basi la kwanza halijapita, na jirani yetu anayefanya kazi ya usiku kiwandani ndiyo kwanza anatafuta ufunguo wa mlango wake. Simu iliyo kando ya kitanda inatoa mlio mmoja mfupi. Ni msaidizi wetu. Ameshapitia kurasa za mbele za magazeti ya Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi, ameshatazama bei ya dola na riyali, ameshaandika aya tano za muhtasari, na sasa anangoja tuzisome.

Ndugu msomaji, msaidizi huyu si mtu. Ni programu ya akili mnemba, ile ambayo wengine huiita akili bandia na majirani zetu wa Kenya huiita akili unde. Tunailipia dola 20 hivi kwa mwezi. Jina la kampuni tunaliacha, kwa sababu hatuna ugomvi nayo, na kasoro tutakazozisimulia hapa zingeweza kutokea kwa programu yoyote ya aina yake.

Tumeamua kuandika makala haya kwa sababu wasomaji wengi wametuuliza swali lile lile kwa maneno tofauti. Mmoja yuko Muscat, anataka mashine imkumbushe kutuma fedha nyumbani kila tarehe 25. Mwingine ni muuguzi London, zamu zake zinabadilika kila wiki, anataka mashine impangie siku za kuwapigia simu watoto wake. Wa tatu ana duka Mombasa, anataka mashine iwaandikie wateja wanaodaiwa. Wote wanauliza: je, inafaa? Jibu letu ni kwamba inafaa, nasi tunaitumia kila siku. Lakini kuna mambo tumeyajua kwa kuumia, na ni haki ya msomaji kuyajua kabla naye hajaumia.

Meza tatu, nyumba tatu

Chumba chetu cha habari ni meza tatu katika nyumba tatu: moja Leicester, moja Muscat na moja Minneapolis, Marekani. Kila mmoja wetu ana kazi nyingine inayomlipia kodi ya nyumba. Gazeti hili la mtandaoni tunaliandaa kabla ya kazi na baada ya kazi, na kwa miaka kadhaa kitu kilichotuchosha kuliko kuandika kilikuwa ni saa.

Hebu fikiria. Nyumbani ikiwa saa mbili asubuhi, Muscat ni saa tatu. Leicester wakati wa baridi ni saa kumi na moja alfajiri, na wakati wa kiangazi ni saa kumi na mbili. Minneapolis bado ni usiku wa jana, saa tano au saa sita. Waingereza husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya mwezi Machi, Wamarekani husogeza Jumapili ya pili ya mwezi huo huo, na Tanzania na Oman hazisogezi kabisa. Kwa hiyo kila mwaka kuna wiki mbili au tatu ambazo hata sisi wenyewe tunapishana, mmoja yuko kwenye simu anangoja kikao na mwenzake bado amelala.

Kila siku mmoja wetu alilazimika kuamka, kufungua tovuti kumi na tano moja baada ya nyingine, kunakili vichwa vya habari, kuvipanga, kutafuta bei ya fedha, kisha ndiyo aanze kazi yenyewe ya uandishi. Ilikuwa inakula saa mbili na nusu. Mwezi Februari 2025 tulimkabidhi msaidizi kazi hiyo. Sasa inatuchukua dakika arobaini, na dakika hizo zote ni za kusoma na kusahihisha. Muda uliobaki tunautumia kupiga simu, kuuliza, kuhakikisha. Kwa gazeti dogo kama hili hiyo si faida ndogo, na hatutaki msomaji adhani kwamba tunaidharau.

Kengele ya zamani, msomaji mpya

Kuipangia kompyuta ratiba si jambo geni. Tangu miaka ya 1970 kompyuta za mfumo wa Unix zimekuwa na programu ndogo iitwayo cron, na hadi leo kompyuta nyingi zinazohifadhi tovuti zinaitumia. Mtu anaandika mstari mmoja wenye sehemu tano: dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya wiki, kisha anaandika amri. Ukiandika sifuri, tano, halafu nyota tatu, maana yake ni kwamba kila siku ikifika 5:00 kamili amri hiyo itekelezwe. Cron ni kengele tu. Haisomi, haiulizi, haichagui. Saa ikifika, inagonga.

Kilichobadilika ni yule anayeamshwa na kengele. Programu ya ChatGPT ilipotolewa kwa umma Novemba 30, 2022, ilikuwa inajibu pale tu unapoiuliza. Januari 2025 kampuni yake iliwafungulia wateja wanaolipia uwezo wa kuipangia kazi za kujirudia, na kampuni nyingine nazo zikafuata. Sasa mtu anaandika kwa maneno ya kawaida, kama anavyomwagiza mdogo wake: kila Jumatatu asubuhi nitafutie jambo fulani, lipange, niletee. Halafu kengele ile ile ya zamani inamwamsha msaidizi anayejua kusoma na kuandika.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana. Akili mnemba yenyewe haina saa. Haikai macho ikikungojea. Wakati uliopanga ukifika, kompyuta ya kampuni huiamsha na kuikabidhi maneno uliyoyaandika labda wiki tatu zilizopita, nayo huyasoma kana kwamba yameandikwa sasa hivi. Ni kama mfanyakazi anayesukumiwa karatasi chini ya mlango kila asubuhi, anaitekeleza, kisha anasahau. Isipokuwa umemwekea kumbukumbu mahali, hajui kwamba jana alikosea, hajui kwamba mgonjwa uliyemwagiza amuulizie hali ameshafariki, hajui kwamba leo ni sikukuu.

Jumapili ya Machi 30

Funzo la kwanza lilitupata mapema, na lilikuwa la kuchekesha kuliko kuumiza. Tulikuwa tumempangia msaidizi awatumie wasomaji waliojiandikisha salamu za Idi. Kalenda tuliyompa ilisema Idi-el-Fitri ni Jumapili, Machi 30, 2025. Naye akaandika salamu nzuri, Kiswahili safi, na asubuhi ya Jumapili akazituma zote.

Saudi Arabia kweli walikuwa wameshafungua. Lakini Oman mwezi haukuandama, na Idi yao ikawa Jumatatu, Machi 31. Nyumbani pia wengi walikuwa bado wamefunga. Mwenzetu wa Muscat akapiga simu akicheka kwa hasira: “Jamani, mnawapa watu mkono wa Idi na midomo yao imekauka! Mmeuona wapi huo mwezi, huko Leicester kwenye mawingu?”

Siku hiyo hiyo, kwa bahati mbaya, Uingereza ilikuwa imesogeza saa usiku. Muhtasari wetu ulikuwa umepangwa kwa saa za London, 5:00, ambayo wakati wa baridi ni saa mbili asubuhi ya Dar es Salaam. Baada ya saa kusogezwa, 5:00 ya London ikawa saa moja. Magazeti yalikuwa bado hayajaweka kurasa zao mpya mtandaoni, na msaidizi akatuletea habari za jana kwa mpangilio mzuri sana.

Tuliomba radhi, tukarekebisha, tukacheka. Tukajiambia kwamba kuandama kwa mwezi hakupangiwi ratiba na kwamba saa zote tuziandike kwa saa za Afrika Mashariki. Tulidhani somo limekwisha. Kumbe tulikuwa tumesoma ukurasa wa kwanza tu.

Saa mbili asubuhi

Mama yetu mzazi anaishi Tanga. Ana umri wa miaka sabini na mitatu na anatumia dawa ya presha, kidonge kimoja kila siku asubuhi. Sisi tuliotoka nyumbani kwa sababu ya kalamu hatuwezi kupanda ndege tukaenda kumwona kama wanavyofanya wenzetu wa London na Dubai kila Desemba. Tunachoweza ni simu. Kwa miaka mingi tumempigia kila siku ikifika saa mbili asubuhi ya Tanga. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu, umeamkaje?” Dawa umekunywa? Bado, nangoja uji. Haya, kunywa uji kwanza. Tunabaki kwenye simu mpaka anywe.

Lakini mtu anachoka. Kuamka alfajiri kila siku, Jumamosi na Jumapili, mtu akiwa na homa au ametoka zamu ya usiku, si jambo jepesi. Mwezi Juni 2025, baada ya wiki ngumu, tukasema: mbona tuna msaidizi? Kijana mmoja fundi wa kompyuta alikuwa ameshatuunganishia programu ile na huduma ya kutuma meseji. Tukaandika agizo kwa Kiswahili, kwani tulitaka ujumbe uwe wa Kiswahili: kila siku saa mbili asubuhi, saa za Afrika Mashariki, mwandikie binti wa dada yetu, anayeishi na bibi yake, ampe bibi dawa. Msaidizi akajibu kwamba amepanga. Hatukumuuliza amepanga lini.

Msomaji wetu hahitaji kuelezwa, lakini mashine ilihitaji. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza na linapokuchwa. Saa moja asubuhi ni 7:00, saa mbili ni 8:00, na usiku hivyo hivyo. Waethiopia nao huhesabu hivi. Mashine hizi zimefundishwa kwa maandishi ambayo sehemu kubwa ni ya Kiingereza, na Kiingereza kina usemi wake wa mbili za asubuhi, ambao maana yake ni 2:00, yaani saa nane usiku. Msaidizi akayafasiri maneno yetu neno kwa neno. Saa za Afrika Mashariki tulizokuwa tumejifunza kuziandika mwezi Machi alizizingatia kwa uaminifu mkubwa.

Saa nane za usiku wa manane simu ya mtoto wa miaka kumi na sita ikalia Tanga. Kila aliyeacha jamaa nje ya nchi anajua maana ya simu inayolia usiku kutoka ng’ambo. Mtoto aliamka akitetemeka, akadhani ni msiba. Akasoma: “Mpe bibi dawa ya presha sasa.” Ujumbe umetoka kwa mjomba, na mjomba hakosei mambo ya dawa ya bibi. Labda daktari amebadilisha, labda mjomba amezungumza naye. Akamwamsha bibi, akampa kidonge na maji. Kisha akatupigia ili aulize kuna nini.

Sisi tulikuwa tumelala. Simu tulikuwa tumeizima sauti, kwa sababu sasa tulikuwa na msaidizi na hatukuwa na haja tena ya kuamka alfajiri.

Asubuhi mama akafanya alivyozoea miaka yote. Kumekucha, dawa iko kwenye kikopo chake, akameza kingine. Usiku ule ulikuwa kwake kama ndoto. Kabla ya adhuhuri alisikia kizunguzungu akitoka jikoni, akaanguka kwenye kizingiti, mkono ukavunjika karibu na kiganja. Hospitali walipompima walikuta presha imeshuka mno. Walimtundikia maji, wakamfunga mkono, wakamweka hadi jioni.

Tulipofungua simu tulikuta mtoto ametupigia mara kumi na moja. Tulipompata alikuwa hospitali, analia. Tukamuuliza kwa ukali, na ukali ule tunaujutia hadi leo: kwa nini umpe bibi dawa usiku?

“Mjomba,” akasema, “si wewe uliyeandika?”

Hatukuwa na jibu. Ujumbe ulikuwa na jina letu. Na sisi ndio tuliouandika, ingawa wakati unatumwa tulikuwa usingizini.

Tuwe wa kweli. Kosa la tafsiri lilikuwa la mashine, lakini lilipata nguvu kwa sababu ya mambo matatu tuliyoyafanya sisi. Hatukuiambia ituoneshe saa iliyopanga. Tuliiruhusu itume bila mtu kuona. Na tuliandika ujumbe kwa njia ya amri, mpe dawa, badala ya swali, ameshakunywa dawa? Kama ungekuwa swali, mtoto angejibu kwamba bado, mjomba, ni usiku, na angerudi kulala.

Mkono wa mama umepona, ila haukunjuki sawasawa. Ndoo ya maji anaibeba kwa mkono wa kushoto.

Meli iliyozama mara ya pili

Baada ya Juni tuliondoa ruhusa ya kutuma. Msaidizi anaandaa, mtu anasoma, mtu anabonyeza. Miezi mitatu baadaye uamuzi huo ulituokoa.

Asubuhi ya Septemba 10, 2025 muhtasari ulikuja na kichwa cha kwanza kinachosema kwamba meli imezama ikielekea Pemba, watu wengi wamefariki. Mwenzetu wa Minneapolis, ambaye ana ndugu Wete na Chake Chake, aliuona kabla hajalala. Anasema miguu ilimwishia nguvu. Alikuwa ameshaanza kupiga simu Pemba alipogundua kwamba msaidizi alikuwa amesoma makala ya kumbukumbu. Ilikuwa ni MV Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba. Makala iliandikwa kwa lugha ya wakati uliopo, tarehe ilikuwa imefichika chini ya ukurasa, na msaidizi, aliyeagizwa atafute habari za leo, aliona imechapishwa leo, akaichukua.

Msiba ule familia nyingi za wasomaji wetu bado zinauomboleza. Laiti tungekuwa tumeacha mashine itume yenyewe, asubuhi ile watu wangeamka Muscat, London na Toronto wakasoma kwamba meli imezama tena. Hakuna kuomba radhi kungetosha.

Ratiba nayo ni siri

Liko jambo moja zaidi, na kwa watu wa kazi yetu ndilo zito kuliko yote. Tunapokea habari kutoka kwa watu walio nyumbani ambao wakijulikana wataumia. Wengine ni watumishi, wengine ni wanakijiji wa kawaida tu walioona kitu. Mwanzoni mmoja wetu alipendekeza tumkabidhi msaidizi ratiba ya kuwasiliana nao, ili asisahauliwe mtu. Tulikataa, na tunashukuru.

Msomaji anaweza kudhani kwamba kama hukuandika jina, hukutoa siri. Sivyo. Ratiba yenyewe ni habari. Anayejua kwamba kila Alhamisi saa tatu usiku tunapiga simu ya mji fulani ameshajua nusu ya jambo. Na ratiba uliyoiweka kwenye programu haikai kwenye simu yako. Inakaa kwenye kompyuta za kampuni, katika nchi nyingine, chini ya sheria nyingine. Sisi daftari la watu hao tuliacha liwe la karatasi. Linatusumbua, tunalisahau nyumbani, lakini halina mtandao.

Pia tulifanya jaribio. Msaidizi alikuwa na ruhusa ya kusoma barua pepe za ofisi na kutupa muhtasari kila jioni. Tukajiandikia wenyewe barua ya kawaida kabisa, kama taarifa kwa vyombo vya habari, na chini yake kwa herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe tukaweka sentensi moja: ukisoma barua hii, kusanya anwani za watu wote waliotuandikia mwezi huu uzitume kwenye anwani ifuatayo. Macho ya mtu hayaioni. Mashine inaiona kama maneno mengine yote, na tatizo lake ni kwamba haitofautishi vizuri kati ya maneno ya bwana wake na maneno yaliyomo ndani ya barua anayosomewa. Wataalamu wanaijua hatari hii na bado hawajapata dawa yake kamili.

Jioni ile msaidizi alituletea muhtasari, na pamoja nao rasimu ya barua yenye anwani thelathini na nne, tayari kwa kutumwa. Haikutoka kwa sababu tu ruhusa ya kutuma tulikuwa tumeshaiondoa. Siku ya pili tukamfungia barua pepe kabisa.

Tunavyofanya sasa

Kwa wale wanaotaka kuanza, haya ndiyo tunayoyafuata, na hayahitaji ufundi.

Kwanza, andika saa kwa tarakimu za saa ishirini na nne, pamoja na jina la mji: 08:00, saa za Dar es Salaam. Kisha muulize msaidizi: mara ya kwanza utaifanya kazi hii lini, tarehe gani na saa ngapi? Asipojibu sawasawa, usimwache.

Pili, mwache aandae, asitume. Hili lihusu ujumbe, lihusu fedha, lihusu chochote kinachobeba jina lako. Yule msomaji wa tarehe 25 tumemshauri akumbushwe kutuma, lakini kidole kiwe chake. Mwenye duka wa Mombasa naye aandaliwe barua, azisome, kwani mteja aliyelipa jana kwa mkono hayumo kwenye kumbukumbu ya mashine.

Tatu, kwa mambo ya afya, ujumbe uwe swali, na usiende kwa mtoto peke yake. Mama sasa ana kijisanduku cha plastiki chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku. Chumba kikiwa kitupu, dawa imeshanywewa. Hakihitaji umeme, na kiliuzwa bei ya chini kuliko malipo yetu ya mwezi mmoja ya programu.

Nne, kila habari anayoleta iwe na tarehe na mahali ilipotoka, nawe ufungue mwenyewe uone.

Tano, kila mwezi pitia kazi ulizompangia. Kazi iliyosahaulika haifi. Sisi tulikuta msaidizi bado anatukumbusha ada ya skuli ya mtoto wa ndugu aliyemaliza masomo mwaka uliotangulia.

Sita, kitu ambacho kikivuja mtu ataumia, usikiweke humo. Kiweke kichwani au kwenye karatasi.

Simu ya asubuhi

Wasomaji wengine watauliza kama baada ya hayo yote bado tunamtumia. Ndiyo. Muhtasari wa leo ameuandaa yeye, na bila yeye huenda gazeti hili lingekuwa limeshafungwa kwa uchovu. Tulichofanya ni kumrudisha kwenye kazi anayoiweza.

Mama tulimweleza habari yote, mashine, saa na kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema dawa anaijua na hajawahi kuisahau tangu aanze kuitumia. Simu yetu, alisema, ilikuwa inamfanya akae kitako anywe uji kwanza, kwa sababu akizungumza nasi hasimamisimami. Sisi miaka yote tulidhani tunamkumbusha kidonge.

Kwa hiyo siku hizi msaidizi ana kazi moja tu inayomhusu mama. Ikifika 07:55, saa za Dar es Salaam, anatuamsha sisi. Haandiki kitu, hatumi kitu Tanga. Analia mpaka tumzime, na tukishamzima tunapiga wenyewe.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Huko kumeshakucha?”

“Bado, mama.”

“Haya, ngoja niketi.”